Pesa ya mchango inakaa kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua. Najua nimeandika ndefu, mkiona inabidi kupunguza punguzeni tu, ila ile sehemu ya hisa naomba ibaki maana ndo iliyonifanya nikae chini niandike.

Siku hizi hapa Dar ukipanda daladala, ukienda saluni, ukikaa kijiweni, stori ni michango ya mitandaoni. Kuna wanaotaka serikali ipige marufuku kabisa kuchangishana kwa simu kwa sababu matapeli wamezidi, picha ya mtoto mgonjwa inazunguka na namba ya kutuma hela, watu wanatuma kwa huruma, baadae mnakuja kuambiwa mtoto kweli anaumwa lakini wazazi wake hawaijui hiyo namba ni ya nani. Wengine wanasema aah, kila mtu na hela yake, anayetaka kutoa atoe. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi na misiba hapa Tabata kwa miaka mingi tu na sijamuelewa hata mmoja kati ya hao wawili, maana wote wanabishana kuhusu anayechangisha na anayechanga, hakuna anayeuliza kuhusu pale katikati. Pesa ikishatoka kwenye simu ya mchangaji na kabla haijamfikia mlengwa, imekaa kwa nani? Hilo usipolijibu, hata ukimdai mtu namba ya NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa na picha ya pasipoti bado atakula hela za watu, tena kwa jina lake halisi.

Kuchangishana hatukufundishwa na intaneti jamani. Kamati ya harusi inakaa miezi, kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kuna kadi singo na kadi dabo, kuna daftari la ahadi, na kila kikao mweka hazina anasimama anasoma nani kaahidi, nani kapunguza, nani bado anasema wiki ijayo wiki ijayo. Pesa anakaa nayo mtu mmoja ndio, lakini huyo mtu nyumba yake mnaijua, mama yake mnamjua, na akila hela ya harusi ya binti wa watu anahama mtaa. Ulinzi wetu ulikuwa ni kujuana. Sasa weka mchango huo huo kwenye grupu la WhatsApp lenye memba mia sita, huyu yuko Mwanza, huyu Muscat, huyu Houston, admini mwenyewe hamjawahi kumuona, kujuana hakupo tena ila tunaendelea kutuma kama vile kupo.

Na hili jambo hata huko nje lilianza kwa kujuana au kwa kuandikana majina hadharani. Mwaka 1885 kule New York walikuwa wamekwama, sanamu ya Uhuru imetoka Ufaransa lakini hawana hela ya kujenga msingi wa kuisimamisha. Mwenye gazeti la New York World, Joseph Pulitzer, akaanza kuwachangisha wasomaji wake na akaahidi kuchapa jina la kila aliyetoa hata kama katoa senti. Ndani ya miezi kama mitano zikapatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao walitoa chini ya dola moja. Nyie wa magazeti hapo mnaona kazi yenu. Ile listi yetu ya WhatsApp ya mama fulani elfu ishirini tiki, baba fulani elfu kumi tiki, ni kitu kile kile.

Majukwaa ya siku hizi yalichofanya ni kuingia hapo katikati. Kickstarter ilianza 2009 na utaratibu wake ni kupata zote au kukosa zote, unataja lengo na siku ya mwisho, watu wanaahidi kwa kadi zao za benki, lengo lisipofika hakuna anayekatwa hata senti, likifika ndo wanakatwa na jukwaa linachukua asilimia 5 mbali na gharama za malipo. Huyo anayetoa hapati hisa wala riba, anapata zawadi au bidhaa ikishatengenezwa. GoFundMe ilianza 2010, hiyo ni ya misaada, matibabu, misiba, ada, na unapewa kilichopatikana hata kama lengo halikufika, ni sawa kwa sababu mgonjwa ukimpa nusu ya hela ya dawa ni afadhali kuliko kumnyima zote, ila mtu anayejenga kisima ukimpa nusu unamuachia shimo.

Msidhani huko hawatapeliwi. Mwaka 2017 Philadelphia walichangiwa zaidi ya dola 400,000 kwa stori ya mtu asiye na makazi aliyemsaidia dada aliyeishiwa mafuta barabarani, watu elfu kumi na nne na zaidi walitoa, kumbe stori yote ya kupika. Waliohusika walishtakiwa wakapatikana na hatia, lakini kwangu la maana zaidi ni kwamba GoFundMe iliwarudishia wachangaji hela zao. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu katikati mwenye orodha ya nani katoa nini. Na mwaka 2015 FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ilifungua kesi yake ya kwanza ya mambo haya, jamaa alichangisha zaidi ya dola 122,000 Kickstarter kutengeneza mchezo wa mezani, hela akalipia kodi ya nyumba na kuhamia mji mwingine. Pale jukwaa lilikuwa limeshamkabidhi hela zote kwa mkupuo na hapo ndo udhaifu wake.

Sisi huku hayo majukwaa makubwa mengi hayatupokei kama wachangishaji. Ukitaka GoFundMe inabidi umtafute ndugu aliyeko Marekani au Uingereza afungue kwa jina lake, hela iingie benki yake, halafu akutumie, kwa hiyo unaongeza mtu mwingine katikati badala ya kumpunguza. Jukwaa letu sisi ni simu. Na uwezo wa simu sio wa kubeza. Machi 2020 viongozi wa Chadema walipotozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 350 pale mahakama ya Kisutu, wafuasi wao walichanga kwa simu na benki na ndani ya siku chache watu wakaanza kutolewa. Uwe unaipenda Chadema au huipendi, ile ni hela nyingi kukusanywa na watu wa elfu tano tano na elfu kumi kumi kwa haraka namna ile.

Lakini angalia inaingia wapi. Mara nyingi ni namba binafsi ya mtu. Ikishaingia namba binafsi, kwa mfumo hiyo ni hela yake. Kama ana deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, hela ikiingia linakatwa deni kwanza, yaani mchango wa jeneza umelipa deni la mweka hazina na yeye mwenyewe anashangaa. Laini ikifungwa au simu ikiibiwa, mchango umesimama. Na akifariki, Mungu apishe mbali, kilichomo kwenye simu yake kinaingia kwenye mirathi na wajane na watoto wana haki ya kuuliza, nyie wanakamati mna karatasi gani ya kuonyesha kwamba milioni nne kati ya hizo sio za marehemu? Hamna. Mna skrinishoti.

Kinachoniudhi ni kwamba kwa makampuni ya simu sheria ililiona hilo swali la katikati zamani. Kanuni za fedha za kielektroniki za 2015, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka huo huo, zinataka hela zote za wateja zilizopo kwenye M-Pesa, Airtel Money na wenzao zikae benki kwenye akaunti ya dhamana, mbali na hela za kampuni yenyewe. Kampuni ya simu haiwezi kuchukua salio lako ikalipe mishahara. Yaani tumemzuia kampuni kubwa yenye wakaguzi na wanasheria asiguse hela ya watu, halafu mwenyekiti wa grupu tunamwachia mkoba wazi. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo angalau vina M-Koba ya Vodacom, hela ya kikundi haitoki mpaka na wengine waidhinishe kwenye simu zao. Kwa nini mchango wa matibabu usiwe na kitu kama hicho?

Na msije mkasema tatizo ni la watu wa mtaani tu. Septemba 2016 baada ya tetemeko la Kagera nchi nzima ilichanga, na ndani ya wiki chache Rais Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi mkoani kule kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Baadae tena likaja lile la serikali kusema michango itengeneze miundombinu kama shule na zahanati na sio kujengea watu nyumba, waathirika wakalalamika kwamba watu walichanga wakiwaza nyumba zao. Mimi hapo sitaki kuhukumu nani alikuwa sahihi. Ninachosema, kama akaunti ya mchango ingekuwa na masharti yameandikwa siku ya kwanza, hii hela ni ya kitu hiki na ikibaki inaenda kule, ule ubishi wa pili usingekuwepo.

Sasa nije kwenye hisa.

Kuna meseji zinazunguka sana, changia laki mbili uwe mmiliki mwenza wa mradi wa kuku, changia laki tano upate eneo kwenye shamba la parachichi Njombe na kila msimu unapokea gawio, mradi wa nyumba za kupangisha Kigamboni, mradi wa bodaboda. Wanaita mchango, wanaita tuinuane, wanaita kikundi, na wengine wanaanza kwa dua kabisa. Jamani huo sio mchango. Mtu akikuahidi faida kwa hela yako, amekuuzia uwekezaji, na hapo sheria inabadilika kabisa. Kukusanya hela za umma kwa ahadi ya gawio kunaingia kwenye Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 na msimamizi wake ni CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Kupokea amana za watu bila leseni kunaingia kwa Benki Kuu. Na kampuni binafsi iliyosajiliwa BRELA, wakala wa kusajili makampuni, kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, haitakiwi kuwa na wanachama zaidi ya 50 wala kuualika umma kununua hisa zake, kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti cha BRELA kwenye grupu la watu mia sita kama ushahidi kwamba yuko halali, amekuonyesha ushahidi wa kinyume chake. Watu wengi hili hawalijui. Cheti cha BRELA kinasema kampuni ipo, basi.

Tulishaungua. Kwenye DECI, ule mchezo wa fedha, watu walipanda mbegu, yaani hela, na kusubiri kuvuna, kuna waliouza viwanja, wengine walichukua mikopo kazini, mwaka 2009 serikali ikasimamisha na wakuu wake wakapelekwa Kisutu kwa kuendesha upatu na kukusanya amana bila leseni. Kwenye upatu wa namna ile hamna mradi wowote, hela ya anayeingia leo inamlipa aliyeingia jana, siku watu wapya wakipungua umekwisha. Na huko China ilikuwa kubwa zaidi, jukwaa la kukopeshana mtandaoni la Ezubao lilianza 2014, lilipofungwa mwisho wa 2015 watu karibu laki tisa walikuwa wameweka kama yuan bilioni 50, na miradi mingi waliyoonyeshwa haikuwepo kabisa. Hilo jukwaa lilikuwa linashika hela lenyewe na linaitafutia miradi lenyewe.

Njia halali ya kukusanya hela za watu wengi tunayo. Vodacom Tanzania mwaka 2017 iliuza hisa zake kwa umma shilingi 850 kila moja, hata mama ntilie angeweza kununua, kulikuwa na waraka wa matarajio, ule unaomweleza mnunuzi habari za kampuni, ulioidhinishwa na CMSA na leo mtu anaweza kuuza hisa zake DSE, soko la hisa la Dar. Mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa watu kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, kujenga miundombinu ya maji. Ukiangalia vizuri na hayo ni watu wengi kuchangia kitu kimoja, tofauti ni makaratasi na wasimamizi.

Ila kijana wa Mwenge anayetengeneza majiko banifu na anahitaji milioni thelathini atalipa wapi wanasheria na wakaguzi na madalali wa waraka wa matarajio? Gharama ya makaratasi itakula mtaji wenyewe. Huyu ndo anayeishia WhatsApp, na tapeli anajificha nyuma yake. Wenzetu waliliona hilo. Marekani Rais Obama alisaini sheria Aprili 2012, kanuni zikaanza kutumika Mei 2016, biashara ndogo inaruhusiwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida mtandaoni bila mlolongo wote wa kampuni kubwa, mwanzo ilikuwa kama dola milioni moja kwa miezi 12 na tangu 2021 ni milioni 5. Lakini lazima ipitie jukwaa lililosajiliwa na SEC, msimamizi wao wa masoko ya mitaji, taarifa za kampuni zikae wazi siku zisizopungua 21 kabla ya kuuza, mtu wa kawaida ana kikomo cha kuweka kulingana na kipato na mali yake, anaruhusiwa kughairi mpaka saa 48 kabla ya kufungwa, na lengo lisipofika kila mtu anarudishiwa. Na kile ninachokiimba tangu mwanzo wa barua kimo, majukwaa yaliyosajiliwa kwa kazi hiyo tu yamekatazwa kushika hela ya wawekezaji, inaenda kwa mtu wa tatu, benki kwa mfano, inakaa huko.

Uingereza tangu 2014 walisema mtu asiye mzoefu asiweke zaidi ya asilimia 10 ya mali yake ya kuwekeza. Umoja wa Ulaya sheria yao ilianza kutumika Novemba 2021, kikomo ni euro milioni 5 kwa mwaka, asiye mzoefu anapewa siku nne za kufikiria tena na anaweza kujitoa bila kuulizwa, na lazima apewe karatasi ya taarifa muhimu isiyozidi kurasa sita. Kurasa sita! Hapa kwetu fomu ya mkopo wa simu tu ina masharti ambayo hakuna mtu kayasoma mpaka mwisho. Nigeria walitunga kanuni zao 2021, Kenya 2022, kwa hiyo tusiambiwe haya ni mambo ya Ulaya.

Na hata kukiwa na hizo kanuni zote biashara inaweza kufa kihalali kabisa. Biashara changa nyingi zinakufa, na hisa ya kampuni ndogo huwezi kuiuza kirahisi siku mtoto amefukuzwa ada, kule Marekani kwa kawaida huruhusiwi kuiuza mpaka mwaka upite. Kanuni hazikuhakikishii faida, zinakuhakikishia tu kwamba ukipoteza umepoteza kwenye biashara iliyokuwepo kweli.

Kwa hiyo maoni yangu, wala sio mengi. Mchango wa harusi na msiba wa watu wanaojuana uachwe kama ulivyo, serikali isije ikaleta fomu huko, na tozo ndo isithubutu, tuliona 2021 ilipowekwa kwenye miamala ya simu. Mchango wa wazi wa matibabu na maafa unaoombwa kwa watu msiojuana uwe na namba yake maalumu kwenye mitandao ya simu, ukitaka kutuma unaona jina la mchango na sio jina la mtu, hela haitoki mpaka watu watatu waidhinishe, na ya matibabu iende hospitali moja kwa moja bila kupita mkononi mwa yeyote. Siku ya mwisho ikipita bila kazi kufanyika irudi ilikotoka, mtandao una namba zote za waliotuma, hilo haliwashindi. Benki Kuu ilitunga kanuni 2023 za kufanyia majaribio huduma mpya za fedha kwa usimamizi wake, basi kijana mmoja mwenye akili apeleke hii huko ikajaribiwe.

Ya hisa CMSA waje na sauti kubwa huko huko kwenye magrupu na redioni, kwa Kiswahili cha kawaida, wataje nani ana leseni na namba ya kupiga mtu akitaka kuhakiki kabla hajatuma. Matangazo yao mengi mtu wa Mbagala hayamfikii, yanayomfikia ni ya parachichi.

Swali moja litabaki na mimi sina ugomvi nalo, gharama ya hiyo namba maalumu nani alipe. Mimi nasema ikatwe kwenye mchango wenyewe asilimia ndogo inayojulikana na iandikwe pale pale kabla mtu hajabonyeza namba ya siri. Kamati zetu zenyewe zinakata hela ya vikao, soda na maji ya wajumbe, na hakuna aliyewahi kuandika popote ni kiasi gani.

Wenu,
Mweka hazina,
Tabata, Dar es Salaam